Siku Mbili Mambajao

Zawadi ilikuja kwa ujumbe wa simu:
usiku mbili, chumba kimeshalipiwa, chai ya asubuhi ndani yake,
na chini kabisa amri ya Liwayway, binti yetu,
kutoka kiwandani kwake Taiwan:
"Baba asiguse unga. Mama, kesi hii nakuachia wewe."

Miaka ishirini na sita hatujafunga duka
ila kwa kimbunga na kwa mazishi.
Crisanto aliandika MIKATE JUMATATU kwenye boksi la maziwa,
akalitundika mlangoni, akarudi kulinyoosha,
akarudi tena kuona kama limenyooka.
Nikamvuta kwa ukosi hadi kwenye basi.

Feri ya kutoka Balingoan ni mwendo wa saa moja na ushei.
Alikaa karibu na injini, eti kuna joto zuri.
Mimi nilitazama kisiwa kikija, na milima yake ya moto
imejifunika mawingu hadi puani
kama watu wasiotaka kuamshwa.

Mji wenyewe: barabara moja ya kweli, nyingine za kuigiza,
nyumba za mbao zenye madirisha ya kombe,
kanisa, soko, wauza lanzones juu ya magunia:
"Onja, Ante, tamu mpaka kokwa!"
ingawa hakuna asiyejua kwamba kokwa ni chungu.

Tulifanya yanayofanywa na wageni.
Tuliingia chemchemi ya moto, tukatoka vidole vimekunjamana.
Tulipelekwa kwa mashua juu ya makaburi yaliyozama,
pale volkano iliposukumia baharini wafu wa watu,
na samaki wa manjano hupita bila kupiga ishara ya msalaba.
Crisanto alivua kofia.
Tukala. Tukatazamana. Tukagundua
hatujui watu huzungumza nini saa tatu usiku,
saa ambayo kwetu tumeshalala kama magogo.
"Feni hii inalia," akasema.
"Inalia," nikasema.

Saa tisa nikapapasa kitandani: baridi.
Mwingine angewaza mwanamke. Mimi niliwaza hamira.
Nikafuata harufu, viatu mkononi,
nikapita gereji, mbwa wawili, duka la simu lililofungwa,
hadi mlango uliokuwa ukitema mwanga wa kiini cha yai.
Ndani alikuwepo Nang Epang, mwenye tanuri,
mkono wa kulia umo ndani ya plasta hadi kiwiko,
na mume wangu, shati kalivua, anakanda
donge kubwa kama mtoto wa miaka miwili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakungoja hata jogoo wa kwanza.

"Nilikuwa napita tu," akasema.
"Kapita na mifuko mitatu ya unga," akasema Nang Epang.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu Balingoan,
nimeyapanga kama sahani: kuhusu kupumzika,
kuhusu mgongo wako, kuhusu sisi.
Lakini nikaona anavyoligeuza lile donge,
kiganja kikisukuma, bega likifuata,
na kumbe sikuwahi kuliona hilo;
nyumbani huwa nimempa kisogo, nahesabu chenji.
Nikavuta gunia, nikakaa, nikatazama
kama mtu aliyelipa kiingilio.
Nang Epang akanipa mkate wa kwanza, wenye krimu ya mayai tumboni.
Ukaniunguza ulimi. Nikala wa pili.

Kulipopambazuka tukavuka hadi fungu la mchanga mweupe
lisilo na mti wala kibanda,
nikampiga picha: yeye, mwavuli, mlima nyuma.
Nikaituma Taiwan. Tunapumzika, niliandika.

Jibu likaja kabla mashua haijarudi:
"Pazuri. Mama, hebu ikuze picha.
Sikio la Baba, la kushoto.
Ule si mchanga."